Geji Iliyomla Gaju

Niyonzima alikuwa mtu wa dharau. Uji aliudharau kwa sababu ni chakula cha wagonjwa, na mafundi wote wa Nyamiaga, kijijini kwake, aliwaita wapiga nyundo. Wasomi nao aliwadharau, kwa kuwa hawajui kushika hata hiyo nyundo. Mkewe Kalista, mzaliwa wa Nyabusozi aliyeolewa Ngara, alijifunza dharau kutoka kwake, ila yeye aliielekeza kwa mtu mmoja tu.

Wazazi wa Niyonzima walimleta kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akiwa mtoto wa kushika pindo la kanga ya mama yake. Kambi za Wanyarwanda zilipofunguliwa, akapata kazi ya kutunza majenereta ya shirika moja la misaada, na kazi hiyo ikampanda kichwani. Alitembea na bisibisi mfukoni hata kanisani.

Mwishoni mwa tisini na sita wakimbizi walivuka mpaka wa Rusumo kurudi kwao, na mashirika yakaanza kugawa mabaki. Watu wenye akili waligombea maturubai, madumu na mabati. Niyonzima alirudi nyumbani na pampu ya turbo, iliyofunguliwa kutoka kwenye mashine mbovu ya maabara. Ilikuwa silinda nzito yenye mapanga membamba ndani yake. Jirani aliezeka choo chake upya, na Kalista akapata mapanga ya kuzungusha hewa.

Tumtendee haki: wazo lake la kung'arisha upya taa za malori halikuwa la kijinga. Malori yaliyoshinda Rusumo yalikuwa na taa zilizofifia, vioo vyake vya ndani vimepauka kwa vumbi na kutu. Ukiweka kioo cha namna hiyo ndani ya chungu cha chuma, ukaondoa hewa karibu yote hadi pabaki ombwe, kisha ukayeyusha humo kipande cha alumini, mvuke wake hutanda juu ya kioo kikang'aa upya. Pampu ndogo ya kawaida, ambayo tayari alikuwa nayo, hunyonya hewa nyingi, na turbo humalizia. Kilichokosekana ni geji, kipimo cha kumwonyesha ni hewa kiasi gani imebaki.

Geji alikuwa nazo Idefonsi, mtunza stoo wa shirika, ambaye mabaki yalimfikia kwa njia anazozijua mwenyewe. Alikuja nazo mbili, akaziweka mezani mbele ya Kalista. Moja ilikuwa kidude cha chuma kisichozidi kidole gumba. Nyingine ilikuwa ya kioo, nene kama chupa ya bia, na uzi wa kuwaka katikati.

"Hii ndogo unaiwasha hata chungu kikiwa kimejaa hewa," Idefonsi alieleza. "Inakuonyesha hewa inavyopungua. Hii ya kioo inaona mbali zaidi, hata hewa iliyobaki chembe tu, lakini usiiwashe kabla hewa haijakwisha. Uzi utaungua. Ukiwa na moja tu, chukua ndogo. Nipe jogoo."

"Na ya kioo?" Niyonzima aliuliza.

Idefonsi alikuwa akitafuta ng'ombe wa mahari. Akatupa jicho zizini.

Zizini alikuwa Gaju, ng'ombe mwekundu ambaye kaka zake Kalista walimswaga kwa miguu kutoka Nyabusozi siku mwanawe Ineza alipozaliwa, ili mtoto asikose maziwa. Ineza alikuwa bado anakunywa maziwa hayo kila asubuhi.

"Baba Ineza," Kalista alisema, "umesikia alivyosema? Ndogo ndiyo inayoanza."

"Hiyo ya mafundi friji!" Niyonzima alicheka. "Mama Ineza, mambo ya ombwe na wewe wapi na wapi? Mimi sifanyi kazi na kifuniko cha soda."

Gaju akaondoka na kamba yake shingoni. Kalista hakulia. Alimtazama mumewe akiikumbatia ile chupa, akaona haya kwa niaba yake, maana mume mwenyewe haya hana.

Jumapili baada ya misa Niyonzima aliwaita watu. Akaja katekista Matiasi, akaja dereva mmoja wa lori na kioo cha taa yake, na majirani waliokuja kwa ajili ya rubisi na si kwa sayansi. Kwao mwenye nyumba huvuta mrija kwanza, wageni waone pombe ni salama, ndipo nao wanywe. Siku hiyo mwenye nyumba hakuwa na nafasi ya kuonja. Kalista akavuta mrija badala yake, na watu wakaendelea.

Jenereta likanguruma. Turbo ikaanza kulia, sauti ikapanda, kisha ikakwama katikati na kukoroma. Mfuniko wa chungu alikuwa ameuzibia mpira wa tairi la baiskeli, na kila mwenye baiskeli Ngara anajua mpira ule unavyovuja.

"Hewa imekwisha?" dereva aliuliza.

"Kwa fundi, sauti inatosha," Niyonzima alijibu.

Matiasi akapiga mwayo, tena mwayo mrefu. Huo ndio uliommaliza Niyonzima. Hakuweza kuvumilia kupigiwa miayo na mtu wa katekisimu, akabonyeza swichi ya geji.

Uzi uliwaka mweupe, mara moja, ukakatika. Moshi ukatanda ndani ya kioo.

"Ndiyo hivyo tu?" dereva aliuliza, akachukua kioo chake kilichopauka vilevile.

"Chombo kilikuwa kibovu," Niyonzima alisema. "Idefonsi ni mwizi."

"Hukuonja," Kalista alimwambia mbele ya watu wote. "Hata mlevi anajua kuonja kwanza."

Wageni waliinamia mirija yao wakamaliza rubisi, kisha wakaaga kwa adabu ya kupita kiasi.

Asubuhi Niyonzima aliketi mezani kama kawaida, bisibisi mfukoni, tayari ana hotuba juu ya wezi wa stoo. Ineza alikaa kando yake na kikombe kitupu. Kalista akawamiminia wote wawili chai ya rangi.

"Mama," mtoto aliuliza, "maziwa?"

Niyonzima naye akainua uso kungoja maziwa. Mazoea yana taabu. Kalista akaenda pembeni, akaleta kibuyu cha kukamulia, akakiweka mbele ya mumewe. Kando yake akailaza ile chupa ya kioo, nyeusi kwa moshi.

"Mkamulie mwanao."