Kizibo Ndani ya Beseni

Nilikuwa nafua vitambaa vya kufuma vya ofisi ya majani chai, ambako binti yangu bado anajaribiwa kazini, karani mwenzake alipoingia mbio.

"Mama, wewe unafua na kule msichana wako anafutwa! Kompyuta haziongei zenyewe kwa zenyewe. Meneja anasema yeye ndiye alitoka mwisho jana. Zisipoongea leo, Jumatatu asirudi."

"Na fundi?"

"Yuko chini ya meza. Anasema waya mmoja umeunganisha kompyuta zote, na mwisho wake hufungwa na kizibo cha chuma. Kikitoka, zote zinanyamaza. Sasa hakionekani." Akanionyesha ncha ya kidole gumba. "Kadogo hivi."

Nikatazama beseni. Huku kwetu Kianjokoma hatuachi kitu uchi. Redio, viti, hata kompyuta lazima ivae kitambaa. Kikichafuka, binti yangu hukivuta na kuniletea. Nikakung'uta cha tatu. Kizibo kilikuwa kimenaswa kwenye nyuzi, kinanukia sabuni.

Nilikipeleka mbio, povu mikononi. Fundi alikikausha kwa shati, akakipuliza, akakizungusha mahali pake. Kompyuta zikaongea.

Meneja alikohoa, akamgeukia binti yangu. "Jumatatu njoo na vile vitambaa. Hizi mashine zinakaa vibaya hivi."

Wanaosema kompyuta zitatubadilisha wangeona kwanza jinsi tulivyozivika.

Jioni nilipakua githeri, mahindi kwa maharagwe, nikahesabu vichwa vya watoto wangu. Wote walikuwapo, na mmoja alikuwa anapiga pasi vitambaa.