Vyombo vya Kwenda Navyo

Kama kungekuwa na namna ya kulifukuza neno moja kutoka kwenye Kiswahili, mimi ningelifukuza "bado". Ningelitoa kwa fimbo hadi barabarani. Nalifundisha, nalisahihisha, nalipwa mshahara kwa ajili yake, lakini silipendi hata kidogo.

Huku kwetu Mbooni, mwanamke akiulizwa kama ameolewa, majibu ni mawili tu: ndiyo, au bado. Hapana haipo. Ukisema hapana, mtu anakutazama kana kwamba umemtusi mamake, halafu anakurekebisha kwa upole, "Sema bado." Karani mmoja wa hospitali aliwahi kunirekebisha hivyo mbele ya foleni nzima, nami nimeshika shavu kwa maumivu ya jino. Jino na ndoa vinahusiana wapi, jamani? Nikasema bado, yaishe. Siku hiyo nilichotaka ni kung'olewa, si kuolewa.

Nimepita miaka arobaini. Nafundisha Kiswahili katika shule moja kule Nuu, upande wa Kitui, na nimekaa huko hadi watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza sasa wanakaa mbele yangu wakinipigia kelele zile zile za wazazi wao. Likizo zikifika narudi Mbooni kwa mama. Na kila Krismasi, ibada ikiisha, watu hupangwa kwa ajili ya chakula: wazee huku, akina mama kule, vijana nyuma. Mimi hupelekwa kwa vijana. Nashika sahani yangu ya pilau naenda kuketi katikati ya watoto wenye suruali zilizoraruliwa magoti makusudi. Wananiita mwalimu, wananipisha kiti, wananionea haya nami nawaonea haya. Wanawake tuliosoma darasa moja wananipungia mkono kutoka upande wa akina mama. Mke wa mchungaji akipita hunigusa bega. "Usikate tamaa, dada. Mungu hajakusahau."

Nani alimwambia nimekata tamaa? Nilikuwa nakata nyama, tena ngumu.

Ubaya zaidi ni kwamba hata ukilikwepa neno lenyewe, sarufi inakungoja mlangoni. "Sijaolewa." Hiyo -ja- nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Wali haujaiva, huwaambia watoto, maana yake uko jikoni, utaiva. Basi mimi miaka yote hii niko jikoni, na kila mpita njia ana ruhusa ya kufunua sufuria aangalie.

Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na katoni. Alianza kuijaza nilipoingia chuo cha ualimu: sahani za maua mekundu, birika, vikombe vyeupe vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu, pamoja na visosi vyake. Alivinunua kidogo kidogo kila alipotoka sokoni kuuza maharagwe, akavifunga kwa magazeti, akavisukuma chini ya kitanda. Viliitwa vyombo vya kwenda navyo. Kwenda wapi, haikusemwa. Msichana si anajulikana huenda wapi?

Hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Mgeni aje, awe hata mchungaji, alinyweshwa chai kwa vikombe vya bati vilivyobambuka rangi. Baba alipougua na mikono yake ikaanza kutetemeka, vile vya bati vikawa vizito na vinamchoma. Mama akamnunulia cha plastiki, cha kijani, kile cha watoto wa chekechea. Nilipomwuliza kwa nini asifungue katoni, alisema, "Mwanangu, vile si vyetu. Ni vyako." Vyangu! Vyangu, na mimi mwenyewe nikija nyumbani nanyweshwa kwa bati.

Na mimi kule Nuu sikuwa na afueni. Miaka na miaka nimelala juu ya kitanda cha kuazima, dirishani nimetundika leso kwa misumari. Pazia? Nitanunua nikitulia. Meza? Nikitulia. Ugonjwa huu unaambukiza.

Kitu kimoja tu nilikifanya bila kungoja. Kwenye tuta la mwisho la shamba letu, ile ngazi pana ya chini kabisa ambako njia ni mteremko wa kuvunja magoti, nilipanda miche ya avokado. Baba ndiye aliyenipeleka pale, na mama akiwa nyuma yetu na jembe. "Panda hapa, mwalimu," baba akasema. "Hapa ndipo kwako. Ukiwa na nguvu, ujenge." Kila likizo nilibeba maji kutoka kijitoni hadi miche ikashika, ikawa miti, ikazaa. Baba alikula matunda yake. Kisha akafa, na maneno yake yakabaki kwangu na kwa mama peke yetu.

Likizo ya Agosti iliyofuata tuliitwa tugawe shamba. Aliyetuita ni baba mdogo, yaani ndugu yake baba. Ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye mtoto mwingine pekee, alikuja kutoka Mtito Andei anakouza tairi za malori. Mama alikaa kwenye kona, mikono mapajani. Mambo ya shamba, kwa baba mdogo, ni mambo ya serikali, na serikali kwake haijui Kikamba. Kwa hivyo tulikaa sebuleni, Wakamba watupu, tukiongea Kiswahili kama watu walio kortini.

"Hii shamba," baba mdogo akaanza, "ni ya watu wawili. Mama yenu, halafu huyu kijana."

"Na mimi?"

"Wewe tunakuombea."

Nikamwambia kwamba baba alinionyesha tuta la mwisho, na miti iliyo pale niliipanda mimi. Alitikisa kichwa kwa huruma, ile huruma inayochoma kuliko matusi. "Hatukatai. Lakini tukikupa leo, na kesho uolewe, shamba itaenda kwa watu hatuwajui."

"Kesho gani hiyo, baba mdogo? Imechelewa wapi?"

Ndugu yangu akaingilia. "Sista, tulia. Ukikuja likizo utakuwa unalala kwa chumba cha wageni, hakuna mtu atakufukuza. Tena hiyo ya chini nimeshaongea na mtu wa kununua avokado."

Chumba cha wageni! Mimi! Mtu ambaye hajawahi kumwagia mche mmoja hata kikombe cha maji ameshayatafutia matunda yangu mnunuzi, halafu ananikaribisha kwetu kama mgeni.

Baba mdogo akainua mkono. "Twende na utaratibu. Nakuuliza mbele ya mama yako, ili isikike. Umeolewa, ama bado?"

"Sikuolewa," nikasema.

"Unasema hujaolewa," akanirekebisha.

"Hapana. Nimesema sikuolewa."

Ndugu yangu akacheka. "Leo mwalimu amekosea Kiswahili!" Lakini baba mdogo hakucheka. Uso wake ulibadilika kabisa. "Usiongee hivyo," akasema polepole. "Hiyo ni ya mtu amekufa. Hiyo tunasikianga kwa matanga: marehemu hakuolewa."

"Basi marehemu ameamka," nikamwambia, "na anataka mahali pa kujenga."

Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Niliwaambia yote. Niliwaambia mimi si abiria hapa, hakuna gari ninalongojea. Nikawauliza mbona huyu kijana, ambaye kaoa na kuachana na kuoa tena, hakuna anayemwambia yeye bado. Nikawaambia nimechoka kuombewa jambo ambalo sikuliomba. Kama mume angekuja ningemtazama kama ninavyomtazama mtu yeyote. Hakuja, maisha yakaja, na maisha hayo ni yangu na nayataka yawe na mlango na kufuli.

Mama akainuka, akaingia chumbani kwake. Nikajua anaenda kulia, na nikamkasirikia yeye pia. Saa hizi ndizo za kwenda kulia chumbani?

Kisha tukasikia kitu kinaburutwa kwenye sakafu ya saruji. Magazeti yakapasuliwa. Maji yakamwagika kwenye beseni. Alipotoka alikuwa na sinia, na juu yake vile vikombe vyeupe, bado vinadondosha maji. Kimoja kilikuwa kimevunjika mkono. Akaweka mbele ya baba mdogo, mbele ya ndugu yangu, mbele yangu, akaanza kumimina chai.

"Mwaitu," ndugu yangu akamwita mama kwa Kikamba, "si hivi ni vya sista vya kuenda navyo?"

"Haendi," mama akasema. "Kunywa chai."

Akaketi. Akamwambia baba mdogo kwamba siku ile ya tuta la mwisho alikuwepo, na jembe mkononi, na alisikia kwa masikio yake. "Na hii shamba hamtagawa kama mimi nimekataa. Mwenyewe amekufa, mimi sijakufa." Baba mdogo alikizungusha kikombe kwenye kisosi chake muda mrefu. Mwishowe akanywa, akasema tuta la mwisho liwe langu. Ndugu yangu alitoka nje kupiga simu, nadhani kwa yule mtu wa avokado.

Mtu atadhani nilifurahi. Sikufurahi, nilikuwa na hasira ya kula mtu. Wanaume walipoondoka nilimfuata mama kwenye beseni, akivisuguasugua vile vikombe kana kwamba vilikuwa na dhambi. Nilikinyanyua kimoja. Kilikuwa chepesi, chepesi kabisa, hata mtu anayetetemeka angekishika.

"Mbona hukumpa baba?" nikamwuliza. "Alikufa akinywea plastiki, mwaitu. Plastiki ya watoto!"

Hakuinua kichwa. "Nilidhani bado," akasema.

Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa, na tukavipanga vyote kabatini, mbele, mahali pa kufikika. Hasira ile ninayo mpaka leo. Sijui niielekeze kwa nani, maana mama naye aliambiwa na watu angoje.

Krismasi nilikuwa kule chini na fundi, kuta zimeinuka, mabati yameshapigwa, avokado zinaanguka zenyewe juu ya mchanga wetu wa ujenzi. Baba mdogo aliteremka polepole akishikilia miti, akasimama akiizunguka nyumba kwa macho.

"Imeisha?" akaniuliza.

"Bado, baba mdogo," nikamwambia. "Imebaki madirisha."