Meseji Iliyofika Baada ya Mazishi

Katibu wa chama chetu cha kuzikana simpendi. Nalisema mapema ili anayesoma ajue kuyapunguza nitakayosema juu yake. Ni binamu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo tunaitana shemeji, lakini ni ushemeji wa mdomoni tu.

Sheria ya chama ni fupi. Asiyeweza kufika msibani amwarifu katibu kabla jeneza halijashushwa. Ukikosa kwa uzembe, unachota maji na kuosha masufuria misiba miwili. Ukikosa kwa dharau, unatolewa, na kwako wakifa hakuna atakayekuja na jembe. Mama mkwe wangu namuuguza mwenyewe. Miguu imevimba, pumzi fupi. Ndiyo maana sikwenda kwenye mazishi ya Ijumaa ile, na ndiyo maana niliogopa.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwandikia katibu. Nikabonyeza mshale wa kutuma, nikarudi kwa mgonjwa. Jumapili akaja uani, akasema hakuona taarifa yoyote, hiyo ni dharau, na kamati inakaa Alhamisi. Nikafungua simu nimwonyeshe. Akaishika, nami nikaishika, ikaangukia jiwe la kusagia. Nimejiuliza mara nyingi nani aliiachia. Huenda ni mimi. Kioo kilipasuka, kikawa kinawaka upande mmoja, na ukikigusa hakisikii.

Jumatano tukakutana Biharamulo mjini, kwenye steshenari. Mimi nilitoka Kaniha kwa bodaboda, yeye kwa baiskeli yake. Dada wa steshenari alinipa shikamoo, akachomeka waya. Simu ile alishaiunganisha na kompyuta yake mwaka jana aliponijazia fomu ya shule ya mwanangu, kwa hiyo ilikubali bila kudai nikiguse kioo.

Simu yangu ikatokea kwenye kompyuta, kubwa kama mlango wa kabati. Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Simu ni kitu cha kiganjani, unaifunika ukitaka. Pale kila aliyesubiri fotokopi aliisoma. Na mimi katibu nilikuwa nimemhifadhi kwa jina la Katibu Mdomo.

"Kumbe ndicho cheo chake kamili!" akasema mama mmoja mwenye bahasha.

Watu wakacheka. Katibu hakucheka. Nilistahili aibu ile, sikatai.

Dada akafungua meseji kwa kipanya. Ilikuwepo: *Shemeji, sitafika, mama amezidiwa.* Ijumaa, saa moja na dakika kumi asubuhi. Nikamgeukia katibu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mama, ina alama ya saa pembeni," dada akasema taratibu. "Haijaondoka. Bando lilikuwa limekwisha?"

Lilikuwa limekwisha tangu Alhamisi. Mimi nilidhani mshale ukishabonyezwa, basi.

"Ngoja niiunganishe na mtandao wa ofisi," akasema.

Meseji ikaondoka mbele ya macho yetu. Mfukoni mwa katibu simu ikalia. Akaitoa, akaisoma kwa sauti, polepole, kila mtu asikie.

"Marehemu ana siku tano kaburini, shemeji. Leo ndiyo unaniarifu?"

"Saa niliyoandika si unaiona hapo?"

"Kuandika ni kwako. Kufika ni kwangu."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi. Akasogeza kiti, akaniambia niliandikie kundi la chama palepale, yeye akiona.

Sikuwahi kuandika kwa kibodi. Herufi zimetawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Nilitafuta N mpaka dada akaninyooshea kidole. Kila herufi niliyobonyeza ilitokea juu kubwa, na pumzi ya katibu ilikuwa begani kwangu.

"Andika, nilidharau msiba."

"Sikudharau."

"Andika!"

"Shemeji, ukinishika mkono nitapiga kelele."

Alikuwa hajanishika. Alinyoosha mkono kwenye kibodi tu, na hilo nalisema kwa haki. Dada akauondoa.

"Mzee, kibodi ni cha ofisi. Mwache mama aandike yake."

Nikaandika kwamba meseji niliiandika Ijumaa asubuhi, haikutoka kwa kuwa sikuwa na bando, na sikuhakikisha. Mwisho nikatafuta neno. Nilikaa sana, foleni ikaanza kunung'unika. Nikaandika: *ni uzembe wangu*. Nikabonyeza mwenyewe.

Mwenyekiti alijibu kabla hatujatoka. "Uzembe. Misiba miwili. Katibu, umeona wewe mwenyewe?"

Katibu akainua simu yake. Angeweza kusema lolote. Akaandika, "Nimeona," akachukua baiskeli yake bila kuaga.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, ananisubiri.

"Wametutoa?"

"Hatujatolewa, mama. Nitachota maji."

"Haya. Sasa naweza kuumwa vizuri."

Nimeshachota maji ya msiba mmoja. Katibu alinionyesha mapipa kwa kidole, hakunisemesha, nami sikumsemesha. Mabegani ndoo zilinikumbusha lile neno, uzembe. Sijui hata sasa kama nililiandika kwa kuwa ni kweli au kwa kuwa adhabu yake ilikuwa nafuu. Msiba ule, kusema kweli, niliposikia nani amefariki, sikusikitika sana, na hilo liko karibu na dharau.