Upande wa Kulia Haujawahi Kuvunjika

Mdogo wangu Jaovelo alikuwa fundi simu katika soko la Mahabibo, hapa Mahajanga. Mimi nauza samaki wakavu meza ya tatu kutoka kwake, kwa hiyo nayasema niliyoyaona. Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa ameinama juu ya simu za watu, akichomelea waya mwembamba kama unywele, mkono hautetemeki. Jumapili alasiri alivua shati akaingia uwanjani kupigana moraingy, ngumi tupu, na huko jina lake likawa Varatra, yaani radi. Nilimlea mimi baada ya mama kufa. Nilimkataza ngumi hizo mpaka sauti ikanikauka, na ngoma ikilia tu, huyo!

Jumapili moja kijana kutoka Marovoay alimpata chini ya jicho la kushoto. Mfupa uliolibeba jicho ulivunjika, jicho likazama, na tangu hapo kila kitu akakiona mara mbili. Daktari wa hapa alitazama picha akasema haya si ya kwake, tupande mpaka mji mkuu, wako watu wanaotengeneza kipande cha kuziba mfupa uliovunjika chini ya jicho kwa kipimo cha mtu mwenyewe. Tulikwenda. Nilitaka jambo moja tu, Jaovelo ainame tena juu ya simu aone waya mmoja ukiwa mmoja.

Hospitalini wagonjwa hupikiwa na ndugu zao, basi nilipika wali uani, nikampelekea na maji ya ukoko ya kunywa. Siku ya tatu niliitwa kwenye karakana wanakotengeneza vile vipande. Fundi wa huko aliitwa Mahavaly, mtu wa kusini, wa ukoo ambao sisi na wao ni watani. Alipojua tunakotoka akafurahi.

"Kumbe ni watumwa wangu wa Mahajanga! Ndiyo maana kichwa kigumu hivi. Mfupa huu mashine yangu karibu ishindwe kuuchora."

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Babu yako alichunga ng'ombe wetu na hakuwahi kuwahesabu wakatimia."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanionyesha fuvu la plastiki lililotoka kwenye mashine, nusu ya juu ya uso wa ndugu yangu, jeupe, halina nyama. Nilitaka kukimbia. Akanieleza kazi yake taratibu. Upande wa kushoto umesagika, hauwezi kumwambia ulivyokuwa. Kwa hiyo anachukua upande mzima wa kulia, anaugeuza kama kwenye kioo, anapata umbo la kushoto, halafu juu ya umbo hilo anakunja wavu mwembamba wa titani.

"Sasa mtani, utani kando," akasema. "Huu wa kulia ulishawahi kuumia? Naona sakafu ya tundu la jicho imebonyea, na huku nyuma kuna kinundu. Yeye nimemuuliza, amesema hajawahi."

Ulishawahi. Miaka sita kabla, huko Ambato-Boeny, ngumi ilimwingia upande huohuo wa kulia. Tulimpeleka kwa bibi mkandaji, akamkanda kwa mafuta wiki mbili, uvimbe ukashuka. Mganga aliyemfunga hirizi ya kiuno akatupatia mwiko wake, Jaovelo na mimi tuliotoka tumbo moja. Siku mmoja wetu atakapotamka kwamba Varatra amewahi kuvunjwa, hirizi itakufa, na kiungo kilichovunjwa kitakufa nayo. Majirani tukawaambia ni jino.

Sikuwa naiamini sana ile hirizi. Lakini niliiogopa, tena siku mbili kabla ya kisu siwezi kuchezea mwili wa mdogo wangu.

"Haujawahi," nikamjibu. "Ukoo wetu wote tuna macho ya kuzama. Nitazame mimi."

Alinitazama. Kweli nina macho ya ndani, Mungu alinipa. Mahavaly akatikisa kichwa, akasema basi ndivyo alivyoumbwa, akarudi kwenye kazi yake. Nami nikarudi kwenye wali wangu, nimeridhika kabisa. Leo nikikumbuka kuridhika kule najichukia.

Walimpasua, wakauweka wavu, tukarudi nyumbani. Uso ulipendeza. Akitazama mbele aliona vizuri, hata nikawapikia majirani. Lakini alipokaa mezani pake akainama, vitu vikawa viwili, na fundi simu hana pengine pa kutazama isipokuwa chini.

Mwanzoni alifanya mzaha. Mteja akileta simu, anamuuliza, "Kati ya simu zako hizi mbili, mbovu ni ipi?" Watu wakacheka. Halafu akachoma simu ya mwalimu mmoja, waya ameugusisha pasipo pake, na mwalimu hakucheka. Akajaribu kufunga jicho moja kwa kitambaa, kichwa kikamuuma mpaka akatapika chini ya meza. Wateja wakaanza kupita bila kusimama. Kufikia mwezi wa tatu tangu apasuliwe akawa anakuja sokoni, anapanga bisibisi zake, anakaa.

Tulipanda tena mji mkuu. Daktari Raharinjato, mama mpole aliyempasua, aliweka picha mpya ukutani, na Mahavaly akasimama kando yake. Safari hii hakunitania.

"Wavu una kinundu huku nyuma," daktari akasema. "Kinaubana msuli unaoshusha jicho. Tulikinakili kutoka upande wa kulia, tukidhani ndivyo mlivyo. Nauliza mara ya mwisho. Upande wa kulia ulivunjika?"

"Haujawahi," Jaovelo akasema upesi.

Nilimtazama. Alikuwa ameinamia magoti yake, jicho moja amelifumba.

"Ulivunjika," nikasema. "Miaka sita iliyopita. Nilikuwepo."

"Dada!"

"Ulivunjika, daktari. Nilimdanganya huyu fundi. Tengenezeni mwingine, sasa mnajua."

Mahavaly aliketi. "Mtani," akasema polepole, "neno hilo moja ningelipata siku ile, kinundu ningekisawazisha asubuhi moja."

Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema wavu anaweza kuutoa, lakini msuli umebanwa miezi mitatu, umeshikana na kovu na umekufa. Akiinama ataona viwili maisha yake yote. Nikauliza kama kuna hospitali nyingine, nchi nyingine, dawa yoyote. Akasema hapana, na akanishika bega.

Uani Jaovelo alisimama ukutani, akaingiza mkono chini ya shati, akaikata hirizi kwa kisu changu cha vitunguu. Nilianza kumwomba msamaha. Nilisema nilinyamaza nilipotakiwa kusema, kwamba jicho lake nimeliua mimi siku ile karakanani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akinitazama kwa macho mawili mazuri yaliyolingana.

"Siku ile ulifanya vizuri, dada," akasema. "Miaka sita ulinyamaza vizuri. Leo daktari alikuwa bado hajasema kama msuli ni mzima au umekufa, ukafungua mdomo. Ungevumilia kidogo tu."