Aliyelala Usiku wa Sensa

Kazi yangu Doha ni ulinzi wa usiku. Zamu ni ndefu, kwa hiyo nasoma chochote kwenye simu, na juzi nilizama katika habari za sensa za kwanza za Uingereza. Mwanzoni msimamizi wa misaada ya maskini wa parokia, au mwalimu wa shule, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba. Baadaye mwenye nyumba aliachiwa fomu aandike waliolala kwake usiku huo, na karani akaja kuichukua na kunakili yote kitabuni. Asiyejua kuandika aliandikiwa. Kilichoniuma ni sharti moja dogo: aliyekuwa kazini usiku na kurudi asubuhi ahesabiwe kwake, kana kwamba alilala. Yaani walimkumbuka hata mlinzi.

Sisi hatukukumbukwa. Sensa ya Qatar ilipofika kwenye kambi yetu ya wafanyakazi huko Al Wukair, nje ya Doha, msimamizi wa kambi alipita vyumbani usiku akihesabu vitanda vyenye watu. Changu kilikuwa na mtu: Mganda wa zamu ya mchana, maana kitanda kimoja tunakilalia kwa kupokezana. Niliporudi asubuhi akanieleza huku anavaa viatu. Nilimfuata msimamizi, naye akasema kitanda hicho kimeshahesabiwa, nisimsumbue. Niliondoka nimefura kwa hasira. Miaka yote hii nalinda milango ya mji huu, na mji haujui kama nipo.

Nikampigia mama. Nilijua Kenya nako nimekosekana kwenye sensa yao iliyopita, kwa sababu nasi huhesabu waliolala nyumbani usiku wa sensa, desturi tuliyoachiwa na Waingereza wale wale. Nikamwambia sasa mwanawe hayupo popote.

"Hapa upo," akasema. "Nilitandika kitanda chako, nikamwambia karani umelala, asikuamshe."

Nikamuuliza kuhusu naibu wa chifu, ambaye humwongoza karani kijijini kwa kuwa anajua kila boma lina nani. Huyo anajua fika niko Qatar, alikuja kuniaga.

"Alichungulia, akakiona kitanda kitupu," mama akasema. "Akamwambia karani, 'Huyu hulala sana. Andika tu.'"

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Nikajilaza kwenye shuka ambayo bado ilikuwa na joto la mwenzangu. Kitanda cha nyumbani, mama anasema, hajakitandua mpaka leo.