Kijiti cha Kupimia Ukuta

Dada yangu hamwamini mtu. Akinunua sukari huipima tena nyumbani. Shemeji akisema mvua inanyesha, yeye hutoa mkono dirishani. Kiwandani wanamwita Mama Hakika. Kazi yake ni kufunga vipimajoto kwenye matanuru, na hupima kwa kijiti alichokichonga alama mwenyewe: unene wa ukuta wa matofali na vidole viwili vya ziada, ili ncha ya kipimajoto ichungulie ndani motoni. Ncha ikiishia ndani ya tofali, husema, itakupa habari za tofali.

Mimi mdogo wake ndiye mwendeshaji wa tanuru la tatu. Juzi vyuma vya siku nzima vilitoka vimeungua. Meneja akasema nilisinzia, akanipa mpaka saa sita mchana wa kesho yake nijieleze, la sivyo nikabidhi sare.

Dada alipofika asubuhi, wa kwanza kushukiwa nilikuwa mimi.

"Ulilala?"

"Sikulala, dada. Mshale wa kipimajoto ulionyesha moto mdogo, nikaongeza mafuta."

"Hata mlevi husema hakunywa."

Iliniuma, sifichi. Tumenyonya ziwa moja! Akamgeukia mleta mafuta, akanusa mafuta yake. Kisha akamwita fundi matofali aliyejenga ukuta upya mwezi uliopita.

"Uliiba matofali mangapi?"

"Kuiba? Mama, mimi niliongeza safu nzima! Meneja hakutaka joto lipotee."

Dada akaniambia, "Fungua mlango wa tanuru."

Nilifungua. Joto likatupiga usoni, lakini mshale haukutikisika hata kidogo. Akavaa glavu, akachomoa kipimajoto, akapitisha chuma kwenye tundu lile mpaka kikatokea motoni. Akakilinganisha na kijiti chake. Kijiti kilipungua kiganja kizima. Kipimajoto alikifunga yeye, baada ya ukuta mpya, kwa kipimo cha ukuta wa zamani.

"Nimewashuku wote," akasema polepole, "ila kijiti hiki."

Hakungoja saa sita. Nilimsikia ofisini kwa meneja: "Mdogo wangu hakulala. Kosa ni langu." Hasira zikaniisha.

Alirudi na barua ya onyo mfukoni na kipimajoto kirefu zaidi mkononi. Akanipa futi kamba.

"Pima wewe. Leo sijiamini."

Nilipima tundu, nikamtajia urefu, nikasogea pembeni ili arudie kupima.

Hakurudia. Alikifunga kwa kipimo changu.