Ngazi Hufundishwa Kuanzia Chini

Nilimaliza kidato cha nne, nikapanga nyumba ghorofa ya nne, na tangu hapo sijaona sababu ya kutafuta makubwa zaidi. Kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, na mashine yenyewe iko sebuleni, hatua chache kutoka kitandani. Mwenye miguu katika nyumba yetu ni mke wangu. Yeye hutoka asubuhi kwenda Eastleigh, ambako ni karani wa duka la jumla, na jioni hurudi na habari za dunia. Mimi humpa habari za nyumbani: maji yalikuja saa tano, gesi bado ipo, jirani wa kushoto bado anafuga jogoo bafuni.

Hapa mtaani Mowlem watu hunijua kwa ndoo. Nilikuwa na kamba ndefu ya manila niliyoifunga kwenye ndoo ndogo, na kila siku niliishusha kutoka kwenye balkoni hadi kwa mama mboga aliyeweka meza yake chini ya ploti yetu, yaani hili jengo la kupanga. Yeye alitia sukuma, nyanya na dhania, mimi nikavuta. Siku nikishuka kwa miguu aliniuliza nani amefariki. Wakati mmoja nilimsikia akimweleza mteja mgeni kwamba kule juu kuna mgonjwa, ila anakula vizuri sana.

Sikuwa mvivu tu. Mwaka tuliohamia, niliteleza kwenye ngazi za ploti nikiwa na sufuria ya maharagwe, na nikafika chini kabla ya maharagwe. Wapangaji hupandisha maji kwa mitungi, yanamwagika. Ghorofa ya pili balbu iliungua, na kila mtu alikuwa akimngoja mwenzake ainunue. Basi binti yetu alipozaliwa niliapa kwamba yeye hataanguka pale. Nilimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, kiunoni alipofika miaka miwili, mabegani alipofika mitatu. Alipofika minne na nusu bado nilikuwa nambeba, tukifika chini namtua polepole, kama wahamishaji wanavyotua kabati la vyombo. Mimi niliita hayo malezi. Mke wangu aliyaita jina lingine ambalo sitaliandika.

Nasari yake iko mtaa wa nyuma, katika nyumba yenye ghorofa moja. Mwalimu mwenye shule ni mama wa makamo, mzaliwa wa Majengo kule Pumwani, anayevaa buibui na raba za kukimbilia. Watoto wadogo wako chini, na baada ya uji hulazwa kwenye magodoro. Wakubwa wako darasa la juu, na hawalazwi. Januari hii binti yetu alipandishwa juu, na kila siku nilimpeleka na kumfuata huko huko darasani, begani. Nilitangaza habari hiyo kutoka kwenye balkoni, ghorofa nne kwenda chini, na mama mboga akajibu kwamba sasa angalau mmoja wetu ameenda mahali.

Wiki ya pili niliitwa shuleni.

Kumbe mwalimu ana zoezi lake. Siku yoyote, bila kutangaza, hupiga filimbi. Mtoto huacha alichoshika, hushuka ngazi, huenda kusimama kwenye ukuta ulio kando ya geti, na hapo huhesabiwa. Ni zoezi la moto, alinieleza, na la jambo lolote lingine linaloweza kuwafanya watoto watakiwe nje haraka. Siku hiyo filimbi ililia, watoto wakashuka, wakahesabiwa, na mmoja akakosekana. Mwalimu alipanda mbio na zile raba zake. Alimkuta binti yangu ameketi kwenye kidato cha juu kabisa cha ngazi, ametulia, halii, mikono ameinyoosha hewani. Anangoja kubebwa.

"Anajua rangi zote," mwalimu aliniambia. "Anahesabu hadi hamsini. Anafunga vifungo vya sweta mwenyewe. Lakini filimbi ikilia, anakungoja wewe, baba."

Nilimwambia mimi naishi karibu. Anaweza kunipigia simu nikaja kumshusha.

"Na moto nao utakungoja ushuke ghorofa ya nne?"

Alinipa wiki mbili. Mtoto asipoweza kushuka mwenyewe, atarudi darasa la chini. Alisema si adhabu, ila hawezi kulala usingizi akijua ana mtoto juu asiyejua kuja chini. Binti yangu alikuwa amesimama hapo akisikia yote. Tulipotoka getini aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mwingine, kama mtoto mkubwa naye hulazwa kwenye godoro baada ya uji. Nilikuwa nimembeba.

Kesho yake mwalimu aliniambia nipande darasani kisha nishuke, nimwonyeshe mimi hushukaje. Nilidhani ananitania. Nilishuka na mfuko wangu wa nyuzi, na watoto wa darasa la juu wakapangwa chini kutazama. Aliwauliza wameona nini. Wakaanza: hakushika ukuta. Hakuangalia mguu. Amebeba mzigo kwa mikono miwili. Msichana mmoja mdogo akaongeza kwamba pia nilihema.

Ndipo mwalimu akanifundisha. Nilikuwa nimepanga kumsimamisha mtoto juu na kumbembeleza ashuke. Akakataa. Juu ndiko hofu iliko, alisema. Mbebe kama ulivyozoea mpaka kibaki kidato kimoja tu, hicho ashuke mwenyewe. Kesho viwili. Keshokutwa vitatu. Namna hiyo kila siku mtoto anamaliza akiwa chini, kwa miguu yake, na ushindi wake. Mkono ukutani, macho kwenye mguu, mguu mmoja kisha mwenzake aufuate. Na wewe utangulie mbele yake, usimkalie nyuma kama askari.

Tulianza jioni ile ile. Kidato kimoja. Alikitazama kana kwamba kina meno, akashuka, akatazama juu kuhakikisha ndicho alichoshuka, akapiga makofi. Siku ya pili viwili. Mama mboga aliona kila kitu kutoka kwenye meza yake na akawa anasoma matokeo kwa sauti kwa kila mteja: leo vinne, jana vilikuwa vitatu. Waliopanda na mitungi ya maji walijifunza kutungoja. Mmoja aliniuliza kama tunapima nyumba.

Mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa anashuka kipande kizima cha ngazi, kutoka kwenye kona hadi nje. Nilianza kujisifu. Jumatatu yake tulijaribu kuanzia juu zaidi, pale ghorofa ya pili penye giza, na maji yalikuwa yamemwagika. Aliteleza kidogo tu, akakalia makalio. Hakuumia. Lakini aliinua mikono, na mimi, kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshamweka begani. Mke wangu alikuwa anapanda kutoka kazini. Alitukuta hivyo, mtoto ametulia begani, mimi nimegandia ukuta.

"Kati yenu wawili," alisema, "ni nani asiyejua ngazi?"

Siku tatu zilizofuata hatukufanya mazoezi ya ngazi. Nilisema zimelowa, nikasema nina oda ya sweta. Nilirudi kumbeba, mzima mzima, kutoka juu hadi chini. Wiki mbili zilikuwa zinakwisha, na yeye alikuwa ameanza kusema kwamba labda magodoro ya chini si mabaya.

Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, nilikuwa nashusha ndoo kutafuta nyanya za mchana. Binti yangu alipenda sana kunisaidia kuvuta, na ili aweze kufika, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwekea stuli ndogo kando ya vyuma vya balkoni. Ilikuwa pale miezi mingi. Nilivuta ndoo, ikagonga ukingo wa ghorofa ya tatu, ikakwama. Akapanda stuli, akainama juu ya vyuma aione.

Mama mboga akanyamaza. Huyo hanyamazi hata akihesabu chenji, kwa hiyo nilitazama chini kujua kuna nini. Alikuwa ameacha meza, amesimama katikati ya njia, mikono miwili ameikunjua kama mtu anayejiandaa kudaka kitu. Hakuwa ananitazama mimi. Niligeuka nikamshika mtoto kwa sweta, kwa nguvu, hata kifungo kimoja kikakatika na kwenda chini peke yake.

Hakikutokea kitu. Alilalamikia kifungo. Mimi nilikaa sakafuni nimempakata. Yaani mimi niliyeogopa ngazi yenye ukuta wa kushika, nilikuwa nimemwekea mtoto kiti kando ya hewa tupu, na nikaona nyumbani ndiko salama.

Nilipoinuka nilimwambia tunaenda shule, na kwamba nitamtangulia. Tulianza mlangoni kwetu, ghorofa ya nne, mkono ukutani, macho kwenye mguu. Nilirudi kinyumenyume mbele yake muda wote, jambo ambalo mwalimu angelikataza. Ghorofa ya pili tulikaa kidogo gizani tukapumzika, mimi zaidi. Tulipotokea nje mama mboga alikuwa anatungoja. Alinipa kile kifungo mkononi.

"Jirani," alisema taratibu, "ngazi itamvunja mguu. Pale ulipomsimamisha hapavunji mguu."

Kisha akamwambia binti yangu kwamba ameshuka vizuri kuliko baba yake, na akampa karoti.

Siku hiyo niliifungua kamba. Sasa tunaitumia kuanikia nguo ndani. Stuli iko jikoni, nakalia mimi. Nilinunua na balbu ya ghorofa ya pili, na hakuna jirani aliyenishukuru, ila wote wanauliza ni nani aliyechelewa kuinunua hivyo.

Wikendi nzima tulikuwa kwenye ngazi. Tulishuka kununua sukuma, tukapanda, tukakumbuka dhania makusudi, tukashuka tena. Mama mboga alidai nimevunja rekodi ya mtaa.

Jumatatu, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa zile wiki mbili, nilipeleka sweta shuleni saa nne. Labda sikuwa na haraka ya kuzipeleka. Nilikuwa nimesimama ndani ya geti filimbi ilipolia. Nikasikia miguu, si ya kukimbia, miguu mingi midogo inayoshuka kwa mpango. Wakaanza kutokea kwenye mlango wa ngazi, mmoja mmoja, kila mmoja akiburuza mkono wa kulia ukutani. Nilihesabu. Watano. Sita. Pengo likatokea baada ya wa sita, nami nikaanza kuutazama mlango jinsi watu wanavyotazama mlango wa hospitali.

Akatokea. Ulimi nje, macho kwenye viatu. Alipokanyaga chini aliinua kichwa akaniona, na mikono yangu, isiyosikia la mtu, ilikuwa imeshafunguka.

Akanipita.

"Ngoja, baba," alisema. "Sijahesabiwa."

Akaenda kusimama ukutani kati ya wenzake wawili, mgongo umenyooka, anangoja kidole cha mwalimu kimfikie. Mimi nilibaki katikati ya uwanja na mikono wazi. Mwalimu alihesabu mpaka mwisho, idadi ikatimia. Kisha, bila kunitazama, akawauliza watoto yule mwenye mikono hivyo anangoja nini.

"Anangoja kubebwa," wakasema.

Binti yangu alicheka kuliko wote. Halafu wakapangwa, wakapanda juu kurudi darasani, naye akapanda nao.